Mjamzito bila makaratasi Uingereza: nichunguzeje haki ya mhamiaji hospitalini?

*Swali: Mimi ni katibu wa umoja wa wazungumzaji wa Kiswahili katika mji mmoja wa England. Wanachama wetu wametoka Tanzania, Kenya, Kongo na Burundi. Tumeamua kuandika kijitabu cha Kiswahili kuhusu haki ya matibabu kwa wahamiaji, na utafiti nimekabidhiwa mimi. Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja anasema hii ni nchi ya haki za binadamu, kila mtu hutibiwa bure. Mwingine anasema ukijiandikisha kwa daktari bila makaratasi, Home Office, wizara ya mambo ya ndani inayosimamia uhamiaji, inapewa jina lako siku hiyohiyo. Wa tatu anasema dharura zote ni bure. Nimesoma mikataba ya Umoja wa Mataifa, imenipa moyo, ila sijui nguvu yake inaishia wapi. Na huku tuna dada mmoja, mimba yake ina miezi sita, viza iliisha mwaka jana, hajakanyaga kliniki hata mara moja kwa hofu ya bili na ya kukamatwa. Nianzie wapi, na huyu dada nimwambie nini?*

Tuanze na dada, maana kijitabu kinaweza kusubiri, mimba haisubiri. Aende kliniki wiki hii. Nchini England huduma ya uzazi, tangu vipimo vya mimba hadi kujifungua na uangalizi wa baada ya hapo, huhesabiwa kila mara kuwa huduma ya lazima ambayo haiahirishwi. Hospitali hairuhusiwi kumrudisha nyumbani, kumsogezea miadi mbele, wala kumdai pesa kwanza ndipo mkunga amwone. Hilo mwambie bila kusita. Lakini usimfiche na hili: kama viza imeisha na hana ombi lolote linaloshughulikiwa, hospitali itamwandikia bili, na bili ya uzazi hufika maelfu ya pauni. Atapokelewa, na atatozwa.

Wanachama wako watatu wanabishana kwa sababu kila mmoja anajibu swali tofauti. Katika utafiti huu kuna maswali matatu, na kila huduma lazima iulizwe yote matatu peke yake: Je, mtu atapokelewa? Je, atatozwa? Je, taarifa zake zitafika wapi? Ukiyachanganya, utaandika sentensi kama "wasio na makaratasi hawana haki ya matibabu," na mtu mwenye kifua kikuu atakaa ndani akikohoa wakati dawa yake ni bure kabisa. Au utaandika "matibabu ni bure kwa wote," na familia itashtukia bahasha mlangoni. Kijitabu chako kipange kwa milango ambayo mgonjwa huingilia. Kukipanga kwa aina za viza ndilo kosa la kwanza la wengi, kwa sababu mgonjwa huwaza "naumwa, niende wapi?" kabla ya kuwaza amesimama wapi kisheria.

Mlango wa kwanza ni GP, yaani daktari wa mtaa. England, kujiandikisha kwa GP na kumwona daktari au muuguzi wake ni bure kwa kila mtu, awe na viza, asiwe nayo, hata awe amekuja matembezi. Hakuna kanuni inayomlazimu mtu aonyeshe pasipoti, viza au barua yenye anwani ili aandikishwe. Kliniki inaweza kuviomba, lakini kuvikosa peke yake si sababu halali ya kumkataa. Asiye na makao anaweza kuandikishwa kwa anwani ya kliniki yenyewe. Kliniki ikimkataa kwa sababu inayokubalika, kwa mfano orodha yake imefungwa rasmi au mtu anaishi nje ya eneo lake, inatakiwa kumpa sababu hiyo kwa maandishi ndani ya siku 14. Siku hizo 14 zipigie mstari kwenye kijitabu. Anayekataliwa mapokezini aseme kwa utulivu, "Naomba mniandikie sababu." Ombi hilo hulitoa suala mikononi mwa karani na kulifikisha kwa meneja, na meneja ndiye anayetarajiwa kuijua kanuni.

Ichukue fomu ya GMS1, ile ya kujiandikisha kwa GP, uitazame vizuri, kwa sababu ndiyo inayowatisha watu. (Siku hizi kliniki nyingi hutumia fomu ya mtandaoni, lakini ya karatasi bado ipo.) Mwanzoni inauliza jina, tarehe ya kuzaliwa, mji na nchi ulikozaliwa, anwani, na kwa aliyetoka ng'ambo, tarehe aliyoingia. Mbele yake kuna sehemu ya maswali ya ziada kwa wasio wakazi wa kudumu, yenye visanduku vya kutia alama kuhusu kutozwa hospitalini. Mtu akifika hapo kalamu husimama. Juu ya sehemu hiyo kuna sentensi inayosema wazi kwamba maswali hayo ni ya hiari na hayaathiri haki ya kuandikishwa wala kuhudumiwa na GP. Itafsiri sentensi hiyo neno kwa neno. Pengine ndiyo sentensi moja itakayowasaidia watu wengi zaidi katika kijitabu chote.

Mlango wa pili ni idara ya dharura ya hospitali, na hapa ndipo mwanachama wako wa tatu alipata nusu ya ukweli. Kinachofanyika ndani ya idara hiyo ni bure kwa wote. Bure hiyo hukoma mtu anapolazwa wodini au anapopewa miadi ya kurudi kwenye kliniki ya hospitali. Aliyevunjika mkono akapigwa eksirei, akafungwa plasta ngumu na kwenda zake, hadaiwi kitu. Aliyevunjika paja akalazwa kwa upasuaji, bili yake huanza pale anapolazwa, hata kama aliletwa na gari la wagonjwa akiwa hajitambui. Kwa hiyo usiandike "dharura ni bure." Andika "idara ya dharura ni bure," kisha ueleze mpaka wake.

Mlango wa tatu ni huduma zilizosamehewa kwa jina, popote zinapotolewa. Kipimo na matibabu ya maradhi ya kuambukiza yaliyoorodheshwa kwenye kanuni ni bure kwa kila mtu: kifua kikuu, malaria, surua, homa ya ini ya virusi, UVIKO-19 na mengineyo, pamoja na magonjwa yote ya zinaa. VVU viliingia kwenye msamaha huo tarehe 1 Oktoba 2012. Kabla ya hapo kilichokuwa bure ni kipimo na ushauri tu, na ndiyo maana hadi leo utakuta mtu anarudia habari ya zamani kwamba ARV zinauzwa. Uzazi wa mpango ni bure, ila kutoa mimba hakumo. Matibabu ya madhara ya mateso, ukatili wa nyumbani, ukatili wa kingono na ukeketaji ni bure pia, mradi mtu hakusafiri kuja Uingereza kwa ajili ya matibabu hayo. Kwa wanawake wetu hili la ukeketaji lina uzito, kwa sababu sehemu ya huduma ya uzazi inayotokana na madhara yake haitakiwi kutozwa. Mjamzito asipomwambia mkunga kwamba alikeketwa, msamaha huo hautamfikia, na yeye mwenyewe atajifungua bila maandalizi yanayostahili.

Kisha kuna watu waliosamehewa, na hapa aina ya karatasi ndiyo inaamua: wakimbizi waliokubaliwa, waombaji hifadhi ambao ombi au rufaa yao bado haijaamuliwa, watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri, waliotambuliwa kuwa waathirika wa usafirishaji haramu wa binadamu, walio kizuizini, na waliolipa ada ya afya pamoja na ombi la viza. Kwa wanachama wako wa Kongo na Burundi, ongeza jambo hili: mwomba hifadhi aliyeanza matibabu ombi lake likiwa hai, kisha likakataliwa, matibabu hayo aliyoyaanza huendelea kuwa bure hadi yaishe. Ni ugonjwa mpya unaoweza kutozwa. Wengi hukimbia kliniki ya figo au ya kisukari siku barua ya kukataliwa inapofika, na hawakuwa na haja ya kukimbia.

Ada ya afya ilianza Aprili 2015 ikiwa pauni 200 kwa mwaka. Tangu tarehe 6 Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mwanafunzi na mtoto. Mwenye viza ya miaka miwili na nusu hulipa pauni 2,587.50 kwa mkupuo. Aliyelipa hutibiwa hospitalini kama mkazi mradi ruhusa yake ya kukaa ingali hai, na aliyeomba nyongeza kabla viza haijaisha huhesabiwa kuwa na ruhusa hadi uamuzi utoke. Mzazi aliyekuja kwa viza ya matembezi hayumo: Tanzania na Kenya hazina mkataba wa matibabu na Uingereza, kwa hiyo akatiwe bima ya safari kabla hajapanda ndege.

Sasa huduma nyingine za hospitali kwa asiye na msamaha. Kanuni na mwongozo hugawa mahitaji mafungu matatu, na Kiswahili chetu kinayameza yote kwa neno moja, dharura. Fungu la kwanza ni huduma ya lazima mara moja, ile ambayo bila hiyo mtu atakufa, atapata madhara ya kudumu au hali itakuwa mbaya sana. Uzazi umo humu daima. La pili ni huduma isiyo ya sasa hivi lakini haiwezi kungoja hadi mtu aweze kurudi kwao. La tatu ni inayoweza kungoja. Mafungu mawili ya kwanza hutolewa kwanza, bili ikaja baadaye. La tatu, tangu tarehe 23 Oktoba 2017, halitolewi mpaka pesa ilipwe. Anayeamua fungu ni daktari au mkunga, kwa sababu za kitabibu. Karani hana mamlaka hayo, wala ofisa wa hospitali anayeshughulikia wageni wa ng'ambo. Makosa mengi huanzia hapa: ofisa wa fedha anamwandikia mgonjwa kwamba miadi yake imefutwa kabla daktari hajasema neno. Tena kipimo cha kungoja kinategemea lini mtu huyu anaweza kurejea kwao kwa hali halisi. Asiyetarajiwa kuondoka karibuni, uvimbe wake hauwezi kupimwa kwa kalenda ya mtalii wa wiki mbili. Mgonjwa amweleze daktari hilo, kwa sababu daktari asipoambiwa ataandika "inaweza kusubiri" kwa nia njema kabisa.

Bei nayo ina hesabu yake. Mgeni wa ng'ambo asiye na msamaha hutozwa asilimia 150 ya bei ambayo NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, yenyewe hutumia kulipana: huduma ikiwa pauni 2,000, kwake inaandikwa 3,000. Dawa za kuchukua duka la dawa ni jambo jingine. Ada ya kila dawa kwenye cheti cha daktari ni pauni 9.90 tangu Mei 2024, na mwenye kipato kidogo anaweza kujaza fomu ya HC1 akapata cheti cha HC2 kinachomwondolea ada hiyo, bila kuulizwa viza. Mjamzito amwombe mkunga fomu ya msamaha wa dawa.

Swali la tatu, la taarifa, ndilo linalohitaji ukweli mtupu. Mficha uchi hazai, lakini huwezi kumtaka mtu ajifunue bila kumweleza ni nani atakayeona. Hofu ya wanachama wako haikuzuka hewani. Januari 2017 yalichapishwa makubaliano yaliyoiruhusu Home Office kuomba anwani za wagonjwa kutoka hazina ya taarifa za NHS. Yalisimamishwa Mei 2018 na kufutwa Novemba mwaka huohuo baada ya kupingwa na madaktari, wabunge na mashirika. Leo kujiandikisha tu kwa GP hakutumi jina la mtu popote kwa ajili ya uhamiaji.

Hospitali ni tofauti. Ofisa wa wageni, akitaka kujua kama mtu anatozwa, anaweza kuuliza hali yake ya ukaaji Home Office, na anapouliza hutoa jina, tarehe ya kuzaliwa na hata anwani. Fomu ambayo mgonjwa hupewa kabla ya miadi inauliza uraia, tarehe ya kuingia na namba ya viza, na mwishoni ina tamko ambalo mtu analitia sahihi akikubali kwamba taarifa zinaweza kupelekwa huko. Habari za ugonjwa wenyewe hazipelekwi. Usimwahidi dada kwamba hakuna kitakachotoka, kwa sababu ahadi hiyo si yako kuitoa, na akigundua baadaye, hataamini hata ile sehemu ya kweli.

Kuhusu deni, tarakimu mbili zinatosha kukumbukwa: pauni 500 na miezi miwili. Deni la kufika pauni 500 au zaidi, likipita miezi miwili tangu ankara bila kulipwa na bila mpango wowote, hospitali huliripoti Home Office. Huko linaweza kutumika kukataa ombi la viza la baadaye. Angalia neno "linaweza." Kanuni za uhamiaji zinampa ofisa hiari ya kukataa, hazimlazimishi. Katika utafiti wa sheria tofauti kati ya "anaweza" na "lazima" ni tofauti ya maisha ya mtu, na kwenye tafsiri hupotea kirahisi. Kinga ya vitendo ni kuiandikia hospitali mapema, ndani ya miezi hiyo miwili, kuomba kulipa kidogo kidogo kwa kiasi ambacho mtu anakimudu kweli, akiambatisha maelezo ya kipato na matumizi yake. Kama ni pauni 10 kwa mwezi, aandike 10. Kuahidi 200 na kushindwa mwezi wa pili kunamrudisha palepale. Na kabla ya kukubali kulipa, ankara ikaguliwe: je, kuna kitu kilichosamehewa kimeingizwa humo?

Sasa utafiti wenyewe. Jambo la kwanza ni jina la nchi. Sisi tunaita kote "Uingereza," na neno hilo litakuponza, kwa sababu kanuni za kutoza ni za England tu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini kila moja ina zake. Aliyekataliwa hifadhi, kwa mfano, Scotland na Wales hatozwi hospitalini, wakati England anaweza kutozwa. Dawa za cheti ni bure Wales tangu 2007 na Scotland tangu 2011. Kila ukurasa wa kijitabu uandike England unapomaanisha England.

La pili, soma kwa ngazi. Juu kabisa kuna sheria za Bunge: Sheria ya NHS ya 2006, kifungu cha 175, ndiyo inayotoa mamlaka ya kutoza, na Sheria ya Uhamiaji ya 2014, kifungu cha 39, ndiyo inayosema kwamba anayehitaji ruhusa ya kukaa bila kikomo na hana, hahesabiwi kuwa mkazi wa kawaida. Chini yake kuna Kanuni za mwaka 2015, namba 238, zilizorekebishwa mara kadhaa, yakiwemo marekebisho makubwa ya 2017. Chini yake kuna mwongozo wa wizara ya afya kwa hospitali, kisha sera ya hospitali moja moja, kisha mazoea ya mapokezi. Ngazi ya juu hushinda ya chini. Mtafiti mgeni hufanya makosa mawili: ananukuu mwongozo kana kwamba ni sheria, au anasoma Kanuni katika toleo la awali. Kwenye tovuti ya legislation.gov.uk kila kanuni ina toleo kama ilivyotungwa na toleo lililorekebishwa. Chagua la pili, na bado usome ilani ya juu inayotaja mabadiliko ambayo hayajaingizwa. Toleo la awali la 2015 halina habari ya kulipa kabla ya kutibiwa. Ukilitumia, kijitabu chako kitampoteza mtu.

La tatu ni maneno. Sheria inamwita mtu "mgeni wa ng'ambo" hata kama ameishi Birmingham miaka kumi na miwili na watoto wake wanasoma hapo. Msomaji wako akiona "mgeni" atadhani ni mtalii, aruke ukurasa. Vivyo hivyo "mkazi wa kawaida": kwa Kiswahili anayelala hapa kila siku ni mkazi, kwa sheria sivyo. Mwaka 2009 Mahakama ya Rufani ya England iliamua kwamba mtu asiye na ruhusa ya kukaa hawezi kuwa mkazi wa kawaida kwa ajili ya matibabu ya NHS, ingawa katika kesi hiyohiyo ilikosoa mwongozo wa wakati ule kwa kutoeleza vya kutosha kuhusu wale wasioweza kurudi kwao. Kila neno kama hili liandikie maelezo ya sentensi mbili, na pembeni uweke istilahi yake ya Kiingereza kama ilivyo kwenye sheria ili mgonjwa aweze kuionyesha mapokezini.

Kuhusu mikataba iliyokutia moyo: Uingereza iliridhia mwaka 1976 Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni, ambao ibara yake ya 12 ni ya haki ya afya, na kamati ya mkataba huo ilisema mwaka 2000, katika Maoni ya Jumla namba 14, kwamba serikali zisiwanyime huduma waomba hifadhi na wahamiaji wasio na vibali. Lakini Uingereza mkataba haugeuki sheria ya ndani mpaka Bunge liutungie sheria, na huu halijautungia. Aliyesoma Kenya hujikwaa hapa, kwa sababu Katiba ya 2010 inaingiza mikataba iliyoridhiwa katika sheria ya Kenya, na ibara ya 43 inasema kila mtu ana haki ya afya na hakuna wa kunyimwa matibabu ya dharura. Usiende na hoja hiyo kwa karani wa Leicester. Mkataba wa 1990 wa wafanyakazi wahamiaji, wenye ibara nzuri ya 28 juu ya matibabu ya haraka, Uingereza haijauridhia kabisa. Nazo kesi za Mahakama ya Ulaya utakazokutana nazo, kama ile ya mwaka 2008 ya mwanamke wa Uganda aliyekuwa na VVU, zinahusu kama mtu anaweza kurudishwa kwao akiwa mgonjwa. Hazihusu nani atibiwe bure. Mikataba ina kazi yake katika kushawishi wabunge na kuandika ripoti kwa kamati, na kijitabu cha mgonjwa kiipe aya moja tu.

Ukimaliza kusoma, nenda kwa watu, maana kilichoandikwa na kinachotendeka mapokezini haviko sawa. Unayemhoji usimuulize "ulinyimwa matibabu?" Mtu aliyepewa bili atajibu ndiyo. Muulize alikwenda wapi, lini, kwa huduma gani, aliambiwa maneno gani hasa, na nani (mapokezi, muuguzi, ofisa wa wageni), na kama ana barua. Hapo ndipo utajua kama alikataliwa, aliahirishwa au alitozwa. Usiandike majina, namba za simu wala anwani. Usihifadhi picha za barua kwenye simu ya kikundi. Orodha ya watu wasio na vibali, ikiwa kwenye WhatsApp ya umoja, ni hatari kuliko fomu yoyote ya GP.

Hospitali nazo unaweza kuziuliza kwa Sheria ya Uhuru wa Habari ya mwaka 2000. Mwombaji hahitaji uraia, halipi kitu, na hospitali inapaswa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Uliza mambo machache yanayohesabika: katika mwaka fulani wa fedha, ni wagonjwa wangapi waliandikiwa ankara kama wageni wa ng'ambo, wangapi kati yao ni wa uzazi, madeni mangapi yaliripotiwa Home Office, na mipango mingapi ya malipo ilikubaliwa. Ukiuliza maswali ishirini, hospitali inaweza kukataa kwa kuwa kazi inapita saa 18 inazoruhusiwa kuhesabu. Namba ndogo kuliko tano mara nyingi hufichwa ili mtu asitambulike, nayo ni sawa.

Na kuna mpaka ambao umoja wako usiuvuke. Kueleza kanuni kwa ujumla ni ruhusa. Kumshauri mtu mmoja kuhusu kesi yake ya uhamiaji, kwa mfano "omba hifadhi" au "usiombe viza upya," bila kuwa mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa, ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999, hata kama hukuchukua senti. Usajili husimamiwa na Immigration Advice Authority, jina lililochukua nafasi ya lile la zamani, OISC, mwaka 2025, na orodha yao ni wazi kwa umma.

Kwa hiyo dada, hatua kwa hatua. Kesho ajiandikishe kwa GP, au kama hospitali ya karibu ina fomu ya kujipeleka kwa wakunga moja kwa moja, na nyingi zinayo, aijaze hiyo. Aombe mkalimani wa Kiswahili, ambaye ni bure, na asimtume mtoto kutafsiri. Amechelewa kipimo cha picha cha wiki ya 20, lakini bado wataweza kumpima damu, VVU, kaswende, homa ya ini B na selimundu. Kipimo cha kisukari cha mimba kwa kawaida hufanyika kati ya wiki ya 24 na 28, yaani sasa hivi. Wiki hiyohiyo aonane na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa, kabla ya kujaza fomu ya ofisa wa wageni ikiwezekana, akiwa na mambo matatu mkononi: alikuwa na viza gani, iliisha tarehe gani, na kama aliwahi kutuma ombi kabla ya tarehe hiyo. Jibu la hilo la tatu linaweza kubadilisha bili nzima. Kwa upande wa ankara, shirika la Maternity Action hushauri hasa wajawazito wanaotozwa. Kama kuna aliyempiga, kumlazimisha au kumtumikisha, amwambie mkunga wakiwa wawili tu.

Lakini akiona damu, maji yakivuja, kichwa kikimuuma sana na macho kuona ukungu, uso au mikono ikivimba ghafla, maumivu makali chini ya mbavu, au mtoto akipunguza kucheza, asingoje miadi wala mwanasheria. Aipigie simu wodi ya uzazi au 999, saa yoyote, usiku au mchana.